Majina Mawili, Mtu Mmoja: Aposisheni ya Kiingereza Ikitazamwa kutoka Boga



Sentensi yetu ya kwanza leo ni hii: "Apolo, a teacher from Buganda, reached Boga in 1896." Habari yenyewe kila mtoto wa Boga anaijua kabla hajajifunza neno moja la Kiingereza: Apolo, mwalimu kutoka Buganda, alifika Boga mwaka 1896. Nimeichagua kwa sababu haina msamiati mgumu, na kwa sababu ndani yake Apolo ametajwa mara mbili. Kwanza ametajwa kwa jina lake. Kisha ametajwa kwa kazi yake na kwao, "a teacher from Buganda". Hawa si watu wawili. Ni mtu mmoja, na virai viwili vinavyomtaja vimepangwa bega kwa bega, bila "na" ya kuviunganisha, bila "ni" ya kusema kwamba hiki ndicho kile. Mpangilio huo wanasarufi wanauita aposisheni.

Vitabu vingi vya shule huipa aposisheni nusu ukurasa, vikataja mikato miwili, vikapita. Mimi nashikilia kwamba hapo somo ndipo linapoanza. Mwandishi wa Kiingereza anapoweka jina la pili kando ya la kwanza, anaamua mambo mawili kwa mpigo: msomaji wake anajua nini tayari, na ni kitu gani anataka msomaji akikubali bila kuuliza. La kwanza ni la sarufi. La pili ni la siasa na historia, na sisi watu wa Boga linatuhusu kuliko wengi. Kiingereza kwetu si lugha ya mbali. Ukivuka mto Semliki, uingie Uganda, ndiyo lugha ya shule na ofisi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu mji huu yameandikwa kwa lugha hiyo.

Vipimo vya wanasarufi

Mwaka 1985 Randolph Quirk na wenzake watatu, Greenbaum, Leech na Svartvik, walitoa sarufi kubwa ya Kiingereza ambayo hadi leo ni rejea ya walimu duniani kote. Humo wanaipima aposisheni kamili kwa masharti matatu. La kwanza, ukiondoa kirai kimoja kati ya viwili, sentensi ibaki sahihi. La pili, kirai kinachobaki kifanye kazi ileile: kama cha kwanza kilikuwa kiima, na cha pili kiwe kiima. La tatu, anayetajwa asibadilike.

Tuipime sentensi yetu. "Apolo reached Boga." Imesimama. "A teacher from Buganda reached Boga." Nayo imesimama. Virai vyote viwili ni kiima, na mtu ni yuleyule. Masharti yote matatu yametimia.

Si kila mfano unatimiza yote. Charles Meyer, aliyetoa kitabu kizima juu ya aposisheni mwaka 1992, alionyesha kwamba jambo hili lina kiini na lina kingo: mifano mingine iko katikati kabisa, mingine imesogea pembeni ikakaribiana na miundo jirani. Mwalimu asishangae basi akiona vitabu viwili havikubaliani kuhusu mfano mmoja. Aanzie kwenye kiini, na kingo zitaeleweka baadaye.

Ukingo mmoja unaotusumbua ni wa "of". Kiingereza husema "the city of Bunia", nasi husema mji wa Bunia, na Wafaransa husema vivyo hivyo. Hii ni aposisheni, ingawa imevaa nguo za umilikaji. Tunajuaje? Uliza: Je, Bunia ni mji? Ndiyo. Basi majina mawili yanataja kitu kimoja. Sasa chukua "the bishop of Boga". Je, Boga ni askofu? Hapana. Boga ni mahali, askofu ni mtu, na hapo hakuna aposisheni. "The province of Ituri" ni aposisheni, kwa kuwa Ituri ni jimbo tangu 2015. "The governor of Ituri" siyo. "The month of May" ndiyo. "The rains of May" siyo. Swali hilo moja, je, hiki ndicho kile, linamtosha mwanafunzi wa miaka ya mwanzo.

Na hapa Boga tuna mfano ambao shule nyingine hazina. A. B. Lloyd, mmisionari Mwingereza, aliandika vitabu kadhaa kuhusu Apolo Kivebulaya; tuchukue viwili. Cha 1923 kinaitwa "Apolo of the Pygmy Forest". Cha 1934, mwaka mmoja baada ya mazishi ya Apolo hapa Boga, kinaitwa "Apolo the Pathfinder". Viweke mezani pamoja. Katika cha kwanza, Apolo si msitu. Msitu ni mahali alipohubiri, na hivyo jina hilo ni la uhusiano tu. Katika cha pili, Apolo ndiye mfungua njia, na mfungua njia ndiye Apolo. Hiyo ni aposisheni. Mwandishi mmoja, mtu mmoja anayesimuliwa, na katika muda wa miaka 11 jina la kando limehama kutoka mahali kwenda kwenye sifa ya mtu mwenyewe.

Mikato, na idadi ya watu

Mmeona kwamba "Apolo the Pathfinder" haina mkato, lakini "Apolo, a teacher from Buganda," ina miwili. Hapa ndipo penye kanuni kuu ya uandishi.

Aposisheni ziko za aina mbili. Moja ni ya kuchagua: inamtenga mtu huyu na wenzake wanaoweza kuchanganywa naye. Hiyo haina mikato. Nyingine ni ya kuongeza: mtu amekwishajulikana kwa jina la kwanza, na la pili linaleta habari zaidi. Hiyo ina mikato, mmoja kabla na mmoja baada.

Wasomaji wa Biblia mnaijua ya kuchagua. Katika Agano Jipya kuna Yohana zaidi ya mmoja, na ndiyo maana Kiingereza huandika "John the Baptist" bila mkato: neno la pili linatuambia ni Yohana yupi. Ukiweka mkato, ukasema "John, the Baptist", unamwambia msomaji kwamba Yohana ni mmoja tu na ubatizaji ni habari ya nyongeza. Kadhalika kwa "Simon the Zealot", maana yuko pia Simoni Petro. Nyaraka za Paulo zinafuata njia ya pili. Takriban zote hufunguliwa kwa jina lake na kufuatiwa na cheo chake, na tafsiri za Kiingereza hutenga cheo hicho kwa mikato, kwa sababu waliopokea waraka walimjua Paulo ni nani.

Sasa njooni kwenye karatasi tunazoziandika leo. Mama mjane anaandikishwa kwenye orodha ya waliohama makwao, na ripoti inaandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi mmoja anaandika: "Her son Isaka is ill." Mwingine anaandika: "Her son, Isaka, is ill." Maneno ni yaleyale. Lakini ya kwanza inamwambia msomaji kwamba mama huyu ana wana zaidi ya mmoja, na anayeumwa ni Isaka. Ya pili inamwambia kwamba ana mwana mmoja tu, jina lake Isaka. Msomaji wa ripoti aliyeko Geneva hawezi kuja kumuuliza mama. Atahesabu watoto kwa kutumia mikato, na kama mikato imekosewa, chakula cha watoto waliobaki kimepungua hapo karatasini.

Mfano mkali zaidi ni huu: "They released Yohana, the nurse, and the driver." Wameachiliwa watu wangapi? Ukisoma "the nurse" kama aposisheni, Yohana ndiye muuguzi, na walioachiliwa ni wawili. Ukisoma kama orodha, ni watatu: Yohana, muuguzi na dereva. Sarufi inaruhusu hesabu zote mbili. Kiingereza hakina njia ya kuzitofautisha kwa mikato peke yake, hasa kwa wale wanaoweka mkato kabla ya "and" katika orodha. Mwandishi mwangalifu habahatishi. Huanza na idadi, "two people", ndipo ataje majina. Au hugeuza aposisheni kuwa kishazi, "Yohana, who is a nurse, and the driver". Katika eneo ambalo ripoti za watu waliotekwa na walioachiliwa zimekuwa jambo la kila mara, hilo ni suala la kujua ni nani bado yuko msituni.

Lipo pia kosa dogo ambalo kila mwalimu wa Kiingereza huliona kwenye daftari: mkato wa pili hupotea. Mwanafunzi anaandika "Bunia, the capital of Ituri has grown quickly." Amefungua, hakufunga. Msomaji anafika kwenye "has" akiwa bado yuko ndani ya kirai cha pili, hajui kitenzi ni cha nani. Aposisheni ya kuongeza ikiwa katikati ya sentensi ina mikato miwili daima. Ikiwa mwishoni, nukta inachukua nafasi ya mkato wa pili.

Na wapenda magazeti mtauliza: mbona magazeti ya Kiingereza huandika "Congolese politician Patrice Lumumba" bila mkato wowote? Kwa sababu hapo "politician" imegeuzwa kuwa kama cheo, mithili ya "President" au "Bishop". Mtindo huo ulienezwa sana na jarida la Time la Marekani, na wapo wahariri wanaoukataa mpaka leo. Lakini mtu akiandika "Congo's first prime minister, Patrice Lumumba," mikato inahitajika, kwa kuwa waziri mkuu wa kwanza ni mmoja tu, na jina linakuja kuongeza, si kuchagua.

Tunakotoka: Kifaransa na Kiswahili

Wanafunzi wetu hufika kwenye Kiingereza wakiwa wamebeba Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani na sokoni, na wengi wana Kihema, Kilese au Kingiti chini yake. Kila lugha inasaidia mahali fulani na inaponza mahali pengine.

Kifaransa kinaponza kwenye kijineno "a". Katika Kifaransa, aposisheni ya kueleza kazi ya mtu kwa kawaida haihitaji kijineno hicho, na mwanafunzi anahamisha tabia hiyo mzimamzima: "Apolo, teacher from Buganda, reached Boga." Mwingereza ataelewa, lakini atasikia pengo. Kiingereza kinataka "a teacher". Kinaruhusu kukiacha kijineno pale tu ambapo kiti ni kimoja na aliyekikalia ni mmoja: "Byankya Njojo, first archbishop of the province," ni sawa, kwa kuwa mwaka 1992 jimbo la Anglikana la Zaire lilipoundwa, askofu mkuu wa kwanza alikuwa yeye tu. "Bunia, capital of Ituri," nayo ni sawa. Wafundisheni hivi: kiti kimoja, kijineno chaweza kuachwa, viti vingi, kijineno kibaki.

Kisha kuna kuchagua kati ya "a" na "the". "Apolo, a teacher," ni kwa msomaji asiyejua kwamba kulikuwa na mwalimu. "Apolo, the teacher," ni kwa msomaji aliyekwisha kusikia habari za mwalimu fulani, na sasa anaambiwa kwamba mwalimu huyo ndiye Apolo. Kiswahili hakina vijineno hivi, lakini tofauti yenyewe tunayo. Tukisema "Apolo, mwalimu kutoka Buganda", tunamtambulisha. Tukisema "Apolo, yule mwalimu kutoka Buganda", tunamkumbusha msikilizaji kitu alicho nacho kichwani. Mwambie mwanafunzi ajiulize kama angetia "yule". Akiona angetia, aandike "the".

Mahali pengine Kiswahili kinasaidia kuliko Kifaransa kabisa, na inasikitisha kwamba walimu wengi hatukitumii. Kiingereza kina sentensi kama hizi: "The rumour that the bridge had fallen spread fast," na "The rumour that the driver brought spread fast." Zote zina "that" baada ya "rumour", na Kifaransa nacho kitaweka "que" mahali pote pawili, hivyo mwanafunzi haoni tofauti. Kwa Kiswahili tofauti iko wazi: uvumi kwamba daraja limeanguka, na uvumi ambao dereva aliuleta. Ya kwanza ni aposisheni, kishazi kinasema uvumi wenyewe ni upi. Ya pili ni kishazi rejeshi, kinasema uvumi umetoka wapi. Ukitaka kuhakikisha, weka "is" katikati. "The rumour is that the bridge had fallen" inaleta maana. "The rumour is that the driver brought" haileti. Mwanafunzi wa Boga anayewaza kwa Kiswahili ataona mara moja: penye "kwamba", hapo pana aposisheni, penye "ambao", hapana. Asizungukie Kifaransani.

Kuna pia viwakilishi. Kiswahili husema "sisi walimu", na "sisi" haibadiliki, iwe ni kiima au yambwa. Kiingereza hubadilisha: "We teachers work hard," lakini "They pay us teachers late." Mwanafunzi akiwa na shaka, afute "teachers" asome kinachobaki. "We work hard" inasomeka, "us work hard" haisomeki. Muundo huu si wa darasani tu. Katiba ya nchi yetu ya 2006 inafunguliwa kwa kiwakilishi cha sisi na kufuatiwa na jina la wananchi wa Kongo, vyote vikiwa aposisheni. Neno "sisi" peke yake lingeacha swali, sisi akina nani. Jina linalofuata linajibu, na kwa kujibu linaamua ni nani anayezungumza kwa niaba ya taifa.

Ziwa lenye majina mengi

Neno moja la Kiingereza linalofungua aposisheni linahitaji tahadhari yake: "or". Kwa kawaida lina maana ya kuchagua, chai au kahawa. Lakini katika "Lake Albert, or Mwitanzige, lies on the border," hakuna cha kuchagua. Ziwa ni moja. "Or" hapa inasema: kwa jina lingine. Mikato ndiyo inayotuonyesha. Bila mikato, msomaji asiye wa huku angedhani ni maziwa mawili, moja kati yake likiwa mpakani.

Ziwa hilo latufundisha zaidi ya mikato. Wanyoro wana jina lao, Mwitanzige. Msafiri Mwingereza Samuel Baker alifika mwaka 1864 akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyefariki 1861. Mwaka 1973, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, likapewa jina la Mobutu Sese Seko. Utawala wa Mobutu ulipoanguka 1997, Albert akarudi. Sasa andika sentensi moja ya Kiingereza yenye majina yote matatu. Utalazimika kuliweka moja nje ya mikato kama jina lenyewe, na mengine kuyaweka ndani, kwa "or" au kwa "formerly". Sarufi haikuambii lipi likae nje. Unaamua wewe, na ukishaamua umesema ni nani mwenye haki ya kulipa ziwa jina.

Kauli isiyopingwa

Hapa naingia kwenye lile jambo la pili nililolitaja mwanzoni.

Chukueni sentensi hii: "Tabaro, a cruel chief, drove the teacher away." Tabaro, chifu mkatili, alimfukuza mwalimu. Msikilizaji mmoja anasimama: "Si kweli!" Amekataa nini? Amekataa kwamba Tabaro alimfukuza mwalimu. Neno "cruel" amelipita. Limebaki palepale kati ya mikato yake miwili, halijaguswa. Ili alikatae, inabidi asimamishe mazungumzo: "Subiri kwanza, nani amesema alikuwa mkatili?" Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanabishana juu ya kitenzi, na jina la kando linapita kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na aposisheni ni mahali ambapo mwandishi husema peke yake.

Tabaro sikumchukua bure: alikuwa chifu wa Boga. Mwaka 1898 dada yake alikufa kwa ajali ya mkuki, na lawama zikamwangukia Apolo. Alipigwa, akakamatwa, akapelekwa Toro kama mfungwa. Baadaye aliachiliwa. Na Tabaro yuleyule, baada ya muda, alibatizwa, akaitwa Paulo. Hayo yote ni kweli. Sasa mwandishi wa Kiingereza anataka kuandika kwamba Tabaro alimpokea Apolo. Jina la Tabaro liko tayari. Aweke nini kando yake? Aweke "the chief who had had him beaten"? Aweke "the chief who would be baptised Paulo"? Aweke "the chief of Boga" basi, aache hivyo? Kila moja ni kweli, kila moja inapita vipimo vya Quirk vyote vitatu, na kila moja inampa mjukuu wa Tabaro babu tofauti. Kitenzi cha sentensi hakikubadilika. Aliyebadilika ni mtu ambaye msomaji wa ng'ambo ataondoka naye.

Hali ni hiyohiyo kwa mji wenyewe. Mwandishi anayemwandikia msomaji wa mbali hawezi kuandika "Boga" na kuendelea. Msomaji hajui Boga ni nini. Lazima aweke jina la pili. Anaweza kuandika "Boga, a village near the Ugandan border". Anaweza kuandika "Boga, the seat of the first Anglican diocese in the Congo", kwa maana dayosisi ilianza hapa mwaka 1972. Na tangu usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 walipouawa hapa na huko Tchabi, anaweza kuandika "Boga, the scene of a massacre". Hakuna uongo hata katika moja. Lakini sentensi inaweza kuwa ni ya bei ya maharage au ya ukarabati wa barabara, na jina la tatu likawa limetutangulia sebuleni kwa msomaji, bila mtu kulijadili.

Sisemi mauaji yasitajwe. Yanapaswa kutajwa, na yatajwe kwa kitenzi, katika sentensi inayojitegemea, ikiwa na tarehe yake, mahali ambapo msomaji anaweza kuuliza nani, kwa nini, na nani aliwajibika. Kinachostahili sentensi nzima kisifichwe kati ya mikato miwili. Na kilicho kidogo, kama vile Boga iko upande gani wa Semliki, hicho ndicho kinachofaa kukaa pale.

Darasani kesho

Walimu wenzangu, naomba tusiondoke na nadharia tupu. Wapeni wanafunzi aya moja ya Kiingereza inayohusu Ituri, iwe ya gazeti au ya kitabu cha historia. Wapigie mstari kila aposisheni. Kisha wajibu maswali matatu kwa kila moja. Je, hiki ndicho kile, au ni vitu viwili vilivyokaribiana tu? Je, kirai cha pili kinachagua au kinaongeza, na mikato inakubaliana na jibu hilo? Je, mwandishi angethubutu kuliandika jambo hilo kama sentensi kamili, kwa kitenzi chake, mbele ya watu linaowahusu? Swali la tatu halimo katika mtihani wa taifa. Liulizeni hivyohivyo.

Kisha waandike wenyewe. Sentensi moja kuhusu Boga kwa msomaji wa Kampala, moja kwa msomaji wa Kinshasa, moja kwa msomaji wa Boga. Ile ya Kampala na ile ya Kinshasa hazitafanana, kwa sababu wasomaji hao hawakosi habari zilezile. Ile ya Boga huenda isiwe na aposisheni yoyote, na mwanafunzi atakayegundua hivyo bila kuambiwa mpeni alama zote.

Waliobaki waambieni wahakikishe mkato wa pili upo.